Karibu na Mahali Si Mahali Penyewe

Masomo: Luka 19:1–10; 1 Wafalme 6:7; Isaya 28:16–17



Jumanne jioni niliketi katika ofisi ya usharika, pembeni ya binti mmoja anayetuchorea ramani ya ukumbi mpya. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita, upepo wa baharini ulikuwa unapeperusha pazia, na yeye hakuwa ameinua macho kutoka kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Kilichomsumbua kilikuwa kidogo. Chumba cha vijana kilikuwa kimekwisha kuchorwa kuta zote nne, nami nilikiona kimefunga kabisa. Lakini kila alipoiagiza programu ijaze rangi ndani ya chumba hicho, iligoma. Alipoiuliza kina mita za mraba ngapi, ikagoma vilevile.

"Kuna mahali pako wazi, Mchungaji," akaniambia.

"Wapi, mwanangu? Mbona mimi naona pamefunga?"

"Subiri kidogo."

Akazungusha gurudumu la kipanya. Pembe ya chumba ikatusogelea, ikakua, ikajaa kioo kizima. Akazungusha tena, na tena. Ndipo nikaona. Ukuta wa kaskazini ulikuwa umeishia huku, ukuta wa mashariki umeishia kule, na katikati pana weupe kama mlango ulioachwa wazi usiku. Akapima weupe ule: milimita sita. Majuma mawili tulikuwa tunaitazama ramani ile, tumeionyesha kwa baraza la wazee, tumeisifu, na kumbe kuta zake hazijawahi kugusana.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akajibu bila kujitetea: "Ni mimi. Siku ile nilikuwa na haraka, nikauvuta ukuta kwa macho tu."

Kwa macho tu. Maneno hayo nimetembea nayo wiki nzima, na ndiyo nimewaletea leo.

Maswali matatu

Nilimwomba anionyeshe namna kitu kinavyohamishwa inavyotakiwa. Programu hizi za kuchorea, kama AutoCAD iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982, zina amri ya kuhamisha, na amri hiyo haitendi kazi mpaka ijibiwe maswali matatu. Unahamisha nini? Unakishika wapi? Unakipeleka wapi?

Swali la kwanza ni jepesi. Alichagua nguzo moja ya ukumbi, ikabadilika rangi kuonyesha kwamba imechaguliwa.

La pili ndilo lililonifundisha. Nguzo ile ina upana wa milimita 300. Ukiishika katikati, katikati yake ndiyo itakayofika kule unakokwenda. Ukiishika kona, ni kona itakayofika, na nguzo nzima itakaa pembeni kwa milimita 150. Safari ni ile ile, umbali ni ule ule, lakini mahali pa kushikia pakikosewa, na mahali pa kufikia pamekosewa. Kwa hiyo mchoraji hashiki popote. Alisogeza kishale hadi kona ya nguzo, kikatokea kisanduku kidogo: programu imenasa ncha. Akakisogeza hadi katikati ya ubavu, kisanduku kikageuka kuwa pembetatu. Akakipeleka pale mistari miwili inapokatana, ikawa alama kama msalaba uliolazwa. Alama hizo maana yake ni moja. Mkono umeacha kukadiria, umeshikwa na nukta yenyewe.

La tatu, unakipeleka wapi, hakulijibu kwa kuburuta kipanya. Aliandika. Ramani za majengo huchorwa kwa milimita, na yeye alitaka nguzo iende mita tatu upande wa kulia, basi akaandika 3000, mkato, sufuri, na mbele yake akatanguliza alama ya @. Alama hiyo inaiambia programu: hesabu kuanzia hapa niliposhika. Bila hiyo, tarakimu zile zile zinaweza kuhesabiwa kutoka mwanzo wa ramani nzima, na nguzo ikaenda kuangukia mbali na jengo. Akabonyeza. Nguzo ikahama, ikatua, na hapakuwa tena na haja ya kuitazama mara mbili.

Mtu mfupi aliyetaja hesabu

Niliporudi nyumbani nilifungua Luka sura ya 19. Tukiisoma habari ya Zakayo, wengi wetu tunakumbuka mkuyu na ufupi wake. Mimi safari hii nilikumbuka hesabu zake.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko, tajiri, na mji ulijua utajiri ule umetoka wapi. Yesu akamwita kwa jina, akajialika nyumbani kwake. Hilo lilitangulia, neema ilifika kabla ya malipo yoyote, na tusilisahau. Kisha Zakayo akasimama. Angeweza kusema tunavyosema sisi: "Bwana, kama kuna mtu nimemkosea, naomba anisamehe." Hakusema hivyo. Alitaja nusu ya mali yake, akataja maskini. Akamtaja kila aliyemtoza kwa hila, akataja mara nne. Ni nini kinahama? Mali. Kimeshikwa wapi? Pale pale palipodhulumiwa. Kinakwenda wapi? Kwa mwenyewe aliyedhulumiwa, na kwa kipimo kinachohesabika. Mtu yeyote wa Yeriko angeweza kwenda mlangoni kwake kesho yake, akafanya hesabu, akajua kama toba ile ni kweli.

Ndugu zangu, toba zetu nyingi zimevutwa kwa macho. Kwenye vikao vya mwisho wa mwaka tunasimama na kusema kwamba kama tumemkwaza yeyote kwa neno au kwa tendo atusamehe. Maneno ni mazuri, na watu wanapiga makofi. Lakini yule uliyemwahidi kumrudishia hela ya kikoba tangu Pasaka amekaa safu ya nne, anakusikiliza, na hajui kama umemtaja au hukumtaja. Ukitazama kwa mbali, pamefunga. Ukisogea, pana milimita sita, na kwa sababu ya hizo milimita sita hakuna kinachojaa ndani: furaha haijai, sala haijai, na amani ya nyumba nayo inagoma.

Kuna jambo moja tunalolifanya vizuri kwenye misiba ya pwani hii, Waislamu kwa Wakristo. Kabla ya kuzika, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, aonane na fulani, alipwe. Hapo tunajibu maswali yote matatu bila kubabaika. Nawauliza kwa upendo: kwa nini tunangoja mpaka mwenye deni awe amelala kwenye jeneza ndipo deni lake litajwe sawasawa?

Hesabu sahihi, mwanzo usio sahihi

Kuna kosa jingine ambalo ni gumu zaidi kulibaini. Mtu anaweza kuandika tarakimu zote kwa uangalifu na bado akakosa mahali, kwa sababu amehesabu kutoka mwanzo usio wake.

Wapima ardhi wanalijua hili. Ramani za zamani za nchi zetu za Afrika Mashariki zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960. Simu iliyo mfukoni mwako inapokuonyesha ulipo kwa setilaiti inatumia msingi mwingine, WGS 84. Chukua tarakimu za bikoni ya kiwanja kutoka kwenye ramani ya zamani, ziingize kwenye simu bila kuzigeuza, kisha zifuate. Utasimama karibu mita 300 mbali na bikoni yenyewe. Hakuna tarakimu hata moja uliyokosea. Umekosea pa kuanzia kuhesabu. Na mita 300 huku kwetu zinatosha kukutoa katika minazi ya baba yako na kukuingiza katika muhogo wa jirani wa tatu, ukiwa umeshika karatasi mkononi na una hakika kwamba haki ni yako.

Fikirini bomba la mafuta ghafi lililopangwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa kwetu Tanga. Ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Bomba kama hilo halijengwi na fundi mmoja akitembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Linajengwa na makundi mengi, kila kundi kwenye kipande chake, na vipande hukutana kwa sababu wote wanahesabu kutoka msingi mmoja. Kundi moja likijiwekea mwanzo wake, hata likiwa hodari kuliko mengine yote, kipande chake kitakuja kuishia porini, mbali na wenzake.

Isaya aliwaambia watu wa Yerusalemu kwamba Mungu ameweka jiwe katika Sayuni, jiwe lililojaribiwa, la pembeni, la msingi imara. Na mara baada ya hapo akasema kwamba haki ndiyo itakayokuwa kamba ya kupimia na adili ndiyo timazi. Angalieni mpangilio huo. Kwanza jiwe, kisha kamba. Kamba haina maana mpaka pawepo pa kuifungia.

Sasa mrudieni Zakayo. Ile mara nne hakuitoa hewani. Torati, katika Kutoka 22, inamtaka aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza arudishe kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo alijipimia kwa kamba iliyofungwa mahali ambapo hakupachagua yeye. Angeweza kujihesabia kutoka kwa watoza ushuru wenzake, na kwa kipimo hicho huenda angejiona mtu wa afadhali. Ndivyo wengi tunavyofanya. Mume anajipima kwa jirani anayepiga mkewe, anaona yeye ni mwema kwa kuwa hapigi. Mfanyabiashara anajipima kwa mwenzake mwenye mzani uliochezewa zaidi. Tarakimu ziko sawa, mwanzo si wenyewe. Tuhesabu kutoka kwa Kristo, jiwe lile la pembeni, na ndipo tutajua tumesimama wapi.

Mawe yasiyopiga kelele

Mafundi wa pwani hii walilijua somo hili kabla kompyuta haijazaliwa. Walipima kwa wanda, kwa shibiri na kwa dhiraa. Hata leo mwashi wa mtaani akitaka pembe ya nyumba ikae mraba, huchukua kamba na vigingi, akapima mita tatu upande mmoja, mita nne upande wa pili, kisha akadai ulalo uwe tano kamili. Ukiwa tano na vidole viwili, anang'oa kigingi. Nendeni Tongoni, kusini mwa mji wetu, mkautazame ule msikiti wa kale uliobaki magofu katikati ya makaburi ya nguzo. Kutoka hapa Tanga, Makka iko karibu kaskazini kabisa, na mihrabu ya pale iko upande huo. Watu wale waliweka matumbawe na chokaa, jiwe juu ya jiwe, wakijua kila jiwe linaelekea wapi. Mimi ni mchungaji wa Kikristo, na bado nikisimama pale ninaheshimu mkono uliokataa kukadiria mbele za Mungu.

Kitabu cha kwanza cha Wafalme kina mstari ambao wajenzi wanapaswa kuupenda. Kinasema kwamba hekalu la Sulemani lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa tayari huko machimboni, hata nyundo wala shoka wala chombo chochote cha chuma hakikusikika nyumbani humo wakati wa kujenga. Ukimya ule ulitoka wapi? Ulitoka kwenye vipimo. Kila jiwe lilipofika lilikuwa linajua mahali pake, halikuhitaji kupigwapigwa ili liingie. Kelele nyingi katika nyumba zetu na katika vikao vyetu vya usharika ni kelele za mawe yaliyoletwa kabla hayajapimwa. Tunapigana nyundo mbele ya madhabahu kwa mambo ambayo yangemalizika machimboni, kwa mazungumzo ya watu wawili barazani, na kila mmoja ametaja anachodai.

Lakini najua wapo kati yenu wanaosema moyoni: Mchungaji, kwangu mimi jiwe limeshakaa vibaya. Ndoa imeshavunjika, mtoto ameshakua bila mimi, mzee wangu amefariki tukiwa tumenuniana. Kwa binti yetu wa ramani kuna kitufe cha kurudisha nyuma kosa. Kwangu mimi hakipo.

Kwenu ninyi nataka kusimulia habari ya Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873, kanisa kuu la Kianglikana lilianza kujengwa mahali pale pale, na madhabahu yake ikawekwa mahali ambapo inasimuliwa kwamba palisimama nguzo ya kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, mtu yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika Kiswahili na kutafsiri Maandiko, ndiye aliyesimamia ujenzi. Inasimuliwa kwa kila mgeni anayeingia humo kwamba Askofu aliposafiri, mafundi walisimamisha nguzo kumi na mbili juu chini, kichwa kikawa mguu. Aliporudi, zilikuwa zimeshasimama. Hazikung'olewa.

Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile. Nguzo ziko vilevile hadi leo. Na watu wanasali humo, wanabatizwa humo, karibu na nguzo zenyewe. Fikirini hilo: mahali palipoanza kuwa pabaya kuliko pote, penye nguzo zilizopinduliwa, Mungu amepafanya nyumba ya sala kwa zaidi ya miaka 140. Jiwe likishakaa huenda lisigeuke. Lakini Mungu anaweza kulitwisha mzigo hivyo hivyo lilivyo, nalo likabeba. Huzuni yako ya jana isikuzuie kupima sawasawa leo.

Kwa upande wangu

Siwezi kuwahubiria haya bila kusema langu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja mvuvi, mgonjwa, aliniletea salamu kupitia mjukuu wake kwamba ana neno la kuniambia. Nikamjibu mjukuu: "Mwambie babu nitakuja wiki hii." Nilikuwa namaanisha. Jumatatu pakawa na kikao, Jumanne msiba, Jumatano nikasema kesho, Alhamisi nikasema kesho. Ijumaa alfajiri mjukuu akarudi mlangoni, safari hii macho mekundu. Neno lile mzee alikwenda nalo, na mimi sikulijua hadi leo.

"Wiki hii" ilikuwa karibu na mahali. Mahali penyewe palikuwa "Jumatatu saa kumi jioni". Ningeitaja saa, ningeshikwa na nukta, na kikao kingenisubiri. Tangu siku ile, mgonjwa akiniita, natamka siku na saa mbele ya yule aliyetumwa, naye anashuhudia nikiandika.

Kazi ya wiki hii

Wapenzi, upendo wa Mungu kwetu haukuja kwa kukadiria. Ulikuja Bethlehemu, ukakaa Nazareti, ukatundikwa Golgotha, chini ya liwali anayejulikana jina. Aliyetupenda hivyo hatuombi wema wa jumla jumla. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa hauzibwi mpaka umeuonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu afanye jambo moja kabla ya Jumapili ijayo. Baba uliyemwambia mwanao aliye chuo kwamba ada "utaituma", mpigie umwambie ni shilingi ngapi na tarehe gani. Ndugu mliogombana kwa mpaka wa shamba, nendeni pamoja hadi kwenye bikoni, mkaweke mikono juu yake, na kama haipo mwiteni mpima. Mama uliyemsema vibaya mwenzako wa kwaya, usimwombe msamaha wa "kama nilikukwaza". Mtajie neno ulilolisema, na mbele ya nani ulilisema, kisha urudi kwa hao hao ulisahihishe. Nasi wazee wa usharika tuna fedha za ukumbi mikononi. Jumapili ijayo tutasoma mbele yenu kila kilichoingia na kila kilichotoka, hadi shilingi ya mwisho.

Binti yetu aliufunga ule ukuta. Alinasa ncha ya kwanza, akanasa ncha ya pili, akaziunganisha, na chumba cha vijana kikajaa rangi mara moja, pembe hadi pembe. Hakuongeza tofali hata moja. Alichofanya ni kufika mahali penyewe.

Chukua kalamu sasa hivi, kabla hujaiweka chini karatasi hii. Andika jina la mtu mmoja, jambo moja unalodaiwa naye, na siku utakayomfikia. Kisha nenda.